Jina la Mtoto wa Kindu

Mama yangu alikua akijua kwamba baba yake ni askari wa Ayalandi. Hakuwahi kumwona wala hakuwa na picha yake, lakini jina lake alilijua kama sala: Thomas Geraghty, koplo katika jeshi la Umoja wa Mataifa, aliyeletwa Kindu mwaka wa uhuru na kurudishwa kwao kabla mtoto hajazaliwa. Aliyemsimulia ni mama yake mzazi, bibi yangu, Koko Germaine. Siku hizo Koko alikuwa msichana akifua nguo za askari hao karibu na mto. Alisema Thomas alikuwa na sauti ya upole na pua iliyobambuka kwa jua, na kwamba siku ya kuondoka alimwomba, akizaa binti, amwite Brigitte, kwa jina la mama yake yeye.

Basi mama yangu ni Brigitte. Ni mweusi kama Koko, na shuleni, hapa Kisangani, wenzake walimcheka. Muzungu gani huyu? Masista walimtetea wakisema damu ya mama ndiyo iliyoshinda. Mwenyewe alijitazama kwenye kioo na kuamua kwamba masikio yake, yaliyochongoka kidogo juu, yalikuwa ya Ayalandi. Alitufundisha sisi watoto wake kuyatafuta kwenye vichwa vyetu. Mimi, Précieuse, nilikuwa nayo, na nilijivuna.

Alifundisha shule ya msingi huko Mangobo mpaka akastaafu. Alipobaki nyumbani, na Koko akiwa ameshazeeka sana, lile jambo lilimrudia kwa nguvu. Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu, kwa hiyo akaniona mimi ndiye wa kumsaidia.

"Précieuse, niko nataka kujua kama huyu mutu aliishi," aliniambia. "Hata kama alikufa. Nijue alikufa vile gani, na kama alikuwa ananikumbuka."

Nikaandika kwenye hifadhi ya kumbukumbu za jeshi, Dublin. Walijibu kwa adabu: faili la askari hupewa mwenyewe au jamaa yake wa karibu mwenye vithibitisho. Sisi tulikuwa na kadi moja tu ya ubatizo kutoka misheni ya Kindu, imechakaa kwenye mikunjo, tarehe ya kuzaliwa ikisomeka kwa shida. Nikaweka jina la Thomas kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako familia za askari waliokuja Kongo huulizana habari. Miezi ikapita. Nilikuwa nimeshakata tamaa mwanamke mmoja aliponiandikia.

Aliitwa Nora. Thomas Geraghty alikuwa baba yake, na alikuwa ameshafariki. Katika ugonjwa wake wa mwisho, Nora alisema, mzee alikuwa akiita Brigid, Brigid, na wao wakadhani anamwita mama yake. Siku moja Nora alimwambia, baba, bibi alishakufa zamani. Mzee akamjibu, si yeye, ni yule wa Kindu. Hakueleza zaidi, na tangu hapo Nora alikuwa akijiuliza.

Nilipomtafsiria mama maneno hayo alikaa chini kwenye kizingiti cha mlango, akafunika uso kwa kitenge chake. Alilia muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa Koko.

"Mama, Thomas alikuwa ananiita. Alikufa akiniita."

Koko alimtazama, akageukia ukuta. Tulidhani ni uchungu wa mwanamke aliyeachwa.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa simu ililia. Nora alitumia Kifaransa alichojifunza shuleni, na pale kilipomkwamisha nilisaidia kwa Kiingereza changu cha vitabu. Alituonyesha ng'ombe wake, mvua kwenye dirisha, kaburi la Thomas lenye jiwe la kijivu. Alimwita mama "dada", neno alilotuuliza kwa Kiswahili na kulifanyia mazoezi. Yeye kama mtoto aliruhusiwa kulichukua faili la baba yake jeshini, akatupigia picha ukurasa baada ya ukurasa: siku Thomas aliyojiandikisha, urefu wake, meno yaliyong'olewa, siku aliyofika Kindu, malaria iliyomlaza, ndege iliyomrudisha Januari ya elfu moja mia tisa sitini na moja. Alikwenda pia parokia ya kijiji chao akatuletea majina ya babu na babu wa babu, hadi kwa mwanamke mmoja aliyezika watoto watatu katika miaka ya njaa kubwa. Mama aliyashika yote. Akiwa anatwanga ndizi zilizochemshwa ili atengeneze lituma ungemsikia akiyataja kwa sauti ndogo, majina ya watu wa Ayalandi, kila moja na pigo lake la mchi.

Aliniambia siku moja, "Unajua, nilikuwa kama nyumba yenye ukuta mumoja. Sasa niko na zote."

Koko alikuwa akitoka kila Nora anapopiga. Alijikongoja hadi jikoni, akakaa karibu na makaa hata kama hapakuwa na chungu juu yake.

Kisha Nora akataka mama aandikwe rasmi kuwa binti wa Thomas. Wakili wa huko akasema kadi haitoshi. Inatakiwa nakala kamili ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Kwa bahati Abbé Wenceslas, padri niliyesoma naye, alikuwa amepelekwa Kindu. Nikamwomba atafute. Alipokipata kile kitabu hakutuma picha mara moja. Alinipigia.

"Précieuse, mama yako iko muzima?"

"Iko hapa. Anaosha vyombo. Kwa nini?"

"Bon. Nitakutumia. Angalia vizuri pembeni ya ukurasa, halafu uone vile utamwambia."

Picha ikaingia. Brigitte, binti wa Germaine na wa Thomas Geraghty, askari. Amezaliwa Mei, sitini na moja. Yote yalikuwa kama tulivyojua. Lakini pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwembamba, palikuwa na maneno ya Kilatini, na tarehe ya Februari mwaka uliofuata. Alikufa. Amezikwa hapa.

Nilimpa mama simu kwa sababu sikuweza kuyatoa maneno hayo kinywani. Alisoma akiwa amesimama, mikono ingali na povu la sabuni. Mama alifundishwa na masista. Kilatini hicho hakikumshinda.

"Hapa padri alikosea," alisema. "Aliandika ya mutoto mwingine." Halafu akatazama upande wa jikoni, alikokaa Koko, akanirudishia simu.

Tulimfuata Koko pale kwenye makaa. Mama alipiga magoti mbele yake ili macho yao yawe sawa.

"Mama, Brigitte alikufa?"

Koko hakushtuka. Nadhani alikuwa akilisubiri swali hilo tangu siku Nora alipopatikana.

"Alikufa na homa," alisema. "Alikuwa mweupe. Watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumuangalia. Nilimuzika mimi na sista mukubwa wa misheni, hapakuwa na mutu mwingine."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa Moïse."

Lilikuwa jina ambalo hatujawahi kulisikia nyumbani mwetu. Koko alilieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Moïse alikuwa fundi wa reli. Alimchukua Germaine akiwa na msiba, wakati watu walimwita mabaki ya askari, na hakumwuliza kitu. Mama alizaliwa mwaka wa sitini na tatu. Mwaka uliofuata uasi ukafika Kindu, na vijana wenye mikuki wakamtoa Moïse ndani kwa sababu alikuwa na kazi ya serikali na viatu. Walimwulia mbele ya mlango, Germaine akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Nilikukimbiza musituni. Vita ilipopoa tukafika hapa Kisangani, na masista waliuliza karatasi. Nilikuwa na karatasi moja tu, ile ya Brigitte, nilikuwa nimeishonea ndani ya kitambaa. Nikaitoa. Wakaandika wewe ni Brigitte. Alors, ukakua, ukaniuliza baba yako nani. Ningesema Moïse, ungeniuliza alikufa vile gani. Sikuweza kusema ile, Brigitte. Mupaka leo siwezi. Thomas, yeye alienda tu. Ilikuwa rahisi kusimulia mutu mwenye alienda."

Mama alikuwa ameushika mkono wa Koko muda wote huo. Hakuuachia.

"Na mimi mwenyewe," aliuliza, "muliniita nani?"

Koko alitazama makaa, akatazama mikono ya binti yake, na nikaona hofu ikipanda usoni mwake, hofu ya mtu anayepapasa mahali alipoweka kitu na kukuta patupu.

"Moïse ndiye alikuita," alisema. "Lilikuwa jina la kwao. Alikuwa anakuita kutoka njiani, kabla hajafika mulangoni." Akaanza kulia, bila sauti, kama wazee wanavyolia. "Nililikataza kwenye mudomo wangu ili usilisikie. Sasa limeenda. Limeenda, mwanangu."

Mama alimlaza kichwa begani na kumbembeleza kama mtoto. Yeye mwenyewe hakulia siku ile.

Tulijaribu kulitafuta jina hilo. Abbé Wenceslas alirudi kwenye vitabu, lakini vya miaka ile ya vita havikuwepo. Misheni ilikuwa imeporwa. Kwa watu wa reli tuliuliza pia. Mzee mmoja alimkumbuka Moïse mmoja aliyekuwa akipiga mluzi akifanya kazi, ila jina la ukoo hakulijua, wala kijiji. Kuhusu Thomas tulijua hata meno aliyong'olewa. Kuhusu babu yangu wa kweli hatukupata zaidi ya mluzi, na hatuna hakika kama ulikuwa wake.

Jumapili Nora alipopiga, mama alikataa niseme mimi. Alimweleza mwenyewe, kwa Kifaransa chake cha ualimu, wazi na taratibu kama mtu anayesomea darasa imla. Kwamba Thomas alikuwa na binti Kindu, ndiyo. Kwamba alikuwa mweupe na alizikwa nyuma ya misheni kabla hajafikisha mwaka. Kwamba yeye si dada yake, na anaomba msamaha kwa muda aliompotezea.

Nora aliweka mkono mdomoni. Baadaye aliuliza kama kaburi lina msalaba. Mama akasema pale sasa pamejengwa madarasa.

"Hukunidanganya," Nora alisema. "Wewe pia ulipewa tu hadithi hiyo." Alisema ataendelea kupiga, na alipiga, Jumapili mbili au tatu. Walizungumzia mvua. Hakuna aliyejua amwite mwenzake nani. Kisha simu zikapungua, na sidhani kuna wa kumlaumu.

Koko Germaine alifariki mwezi wa tisa, usingizini. Katika wiki zake za mwisho mama alilala naye kitanda kimoja, akamwuliza majina, yoyote, yale ya watu wa Maniema, jimbo la Kindu, moja baada ya jingine. Je, ni hili? Koko alikuwa akisikiliza kwa makini, na kutikisa kichwa.

Novemba, Nora alinitumia rekodi ya sauti. Katika parokia yao, mwezi wa marehemu, padri husoma majina ya waliofariki wa kila familia, na Nora alikuwa ameomba jina moja liongezwe baada ya lile la Thomas. Nilimsikilizisha mama jikoni. Majina yalikuwa mengi. Padri aliyasoma bila haraka, na kati yake likasikika, kwa matamshi ya huko, Brigid Geraghty.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, hadi watu walipoitikia amina na viti vikaanza kugongana. Akaniomba simu, akavaa miwani, akamwandikia Nora kwamba amesikia vizuri, na kwamba wamelitamka jina la mtoto sawasawa. Hakuweka jina chini yake. Aliandika tu: kutoka Kisangani.