Ripoti ya Viti Saba

Mtaani kwao mama yake aliitwa Mama Nesi. Dukani aliitwa hivyo, kwenye kikao cha kina mama aliitwa hivyo, na hata fundi wa mabomba aliyeletwa siku moja tu aliondoka akisema, "Kwaheri, Mama Nesi." Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki kabatini. Kwa hiyo bintiye alipoacha unesi na kwenda kusimama nyuma ya kaunta ya baa, hakubadilisha kazi yake peke yake. Aligusa na jina la mama.

Mama alilimaliza tatizo hilo kwa njia nyepesi: alinyamaza. Akiulizwa bintiye yuko wapi, alijibu, "Yuko zamu," na hapo hakusema uongo, maana baa nayo ina zamu. Nyumbani waliishi wawili tu tangu baba afariki, na kwa miezi minane hakumwuliza bintiye neno lolote kuhusu kazi. Ikilazimu kuitaja alisema "shughuli zako zile", kwa sauti ya mtu anayezungumzia upele.

Watu walimtungia binti sababu za kuacha. Wapo waliosema damu imemshinda, wapo waliosema amegombana na daktari, na wapo walioapa kwamba kuna mwanamume. Ukweli ulikuwa mkavu kuliko hayo. Alifanya kazi miaka kumi na saba kwenye wodi ya wanaume yenye vitanda arobaini na viwili, na kila asubuhi aliwauliza watu arobaini na wawili, "Umeamkaje?" huku mguu mmoja ukiwa tayari kwenye kitanda kinachofuata. Kisha wakampandisha cheo. Wakamweka ofisini kupanga ratiba za zamu, na huko hata hilo swali hakuwa na wa kumwuliza. Mwaka wa pili wa ofisini aliichukia kalamu. Siku moja aliitupa dirishani, akashuka ngazi kuiokota, akarudi kupanga ratiba.

Likizo ilipofika alijiandikisha chuo cha hoteli, kozi ya vinywaji, akidhani anajipotezea muda tu. Siku ya tatu mkufunzi alimsimamisha na kumwuliza amejifunzia wapi kupima. Alikuwa anamimina kwa jicho, na kila alipopimiwa upya hakuwa amezidisha wala kupunguza hata tone. Mtu aliyevuta dawa kwenye sindano miaka kumi na saba haulizwi habari za mililita. Jioni hiyo alirudi nyumbani na furaha ya kijinga, ile ya kucheka peke yake barabarani, akajua ameshaondoka hospitali na kilichobaki ni barua.

Baa aliyopata ilikuwa chini ya hoteli ya ghorofa nne, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani. Ilikuwa na viti saba virefu mbele ya kaunta ya mbao, meza sita, na dirisha pana lililoingiza jua la mchana hadi kwenye rafu ya chupa. Wateja wake walikuwa mawakili, makarani, mashahidi, na watu ambao kesi zao zimeahirishwa. Zamu yake ilianza saa tano asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni. Aliyempokea zamu jioni alikuwa mwanamume mmoja aliyenyoa watu miaka tisa kabla ya kuingia baa, na wote walimwita Kinyozi. Hakuwahi kumsikiliza mteja bila kumkagua kisogo. Binti naye walimwita Sista, kwa sababu siku ya kwanza aliulizwa zamani alikuwa anafanya nini, akafanya kosa la kusema kweli.

Sasa, hospitali kuna desturi. Nesi anayetoka humkabidhi anayeingia wagonjwa mmoja mmoja, wamesimama miguuni pa kitanda, kwa sauti: ni nani, ana umri gani, hali yake, na kinachotakiwa kufanywa. Hakuna anayetoka bila kukabidhi, na hakuna kitanda kinachorukwa. Sista hakujua njia nyingine ya kumaliza zamu. Jioni ya kwanza alimshika Kinyozi mkono, akamsimamisha mbele ya kiti cha pili, alipokuwa ameketi wakili mmoja mnene, akaanza.

"Kiti namba mbili. Mwanamume, miaka hamsini na kitu. Bia mbili tangu saa tisa. Kesi yake imeahirishwa mara ya tatu. Hajala. Akitaka kitu kikali, mpe chakula kwanza."

Wakili akaweka glasi chini taratibu.

"Sista," alisema, "kwani mimi nimelazwa?"

Watu walivunjika mbavu. Meneja hakucheka. Alimwita pembeni akamwambia kwamba habari za mteja hazitangazwi, na kuanzia kesho yake, kama ni lazima itolewe ripoti, itolewe kwenye sinki mwisho wa kaunta, tena kwa kunong'ona. Ripoti ikahamia kwenye sinki. Kunong'ona ndiko kulikoshindikana, kwa sababu koo lililozoea wodi ya vitanda arobaini na viwili halijui kunong'ona. Ikawa saa kumi na mbili ikikaribia wateja wanapunguza maneno, wanajitia kusoma magazeti, masikio yote yako kwenye sinki. Wakili alinogewa kiasi kwamba siku aliyohamia mezani na kukosa kuripotiwa, alinuna.

Mwezi wa nane wa kazi hiyo ikaja fomu kutoka hospitali. Manesi walikuwa wamepungua, na walioacha waliitwa warudi, tena wodini, si ofisini. Fomu ilitakiwa irudishwe kwa Metroni, mkuu wa manesi, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, na iliuliza mambo mawili: unarudi au hurudi, na kama hurudi, unafanya kazi gani sasa. Metroni alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha kina mama. Kujaza fomu hiyo kulikuwa sawa na kuisoma mtaani kwa kipaza sauti.

Sista aliipenda kazi yake. Alipenda barafu inavyolia kwenye glasi, alipenda kukata ganda la limau jembamba hadi liwe na mwanga, na zaidi ya yote alipenda kwamba mtu akikaa mbele yake hakuwa na kitanda cha pili cha kukimbilia. Lakini kumvua mama yake jina, katika umri ule, lilikuwa jambo jingine. Akapiga moyo konde, akajiwekea ahadi: mama akimwomba arudi, kwa mdomo wake mwenyewe, atarudi na hatalalamika. Akangoja Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mama aliiweka fomu juu ya friji na kuipangusa vumbi.

Alhamisi saa kumi mlango wa baa ulifunguka, mama akaingia. Alikuwa amevaa nguo zake za kwendea kutazama wagonjwa, mkoba ameukumbatia kifuani. Alivikagua viti kama anayechagua nyanya sokoni, kisha akapanda cha nne, cha katikati, kwa taabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Endelea na kazi, sikuja kukusumbua."

"Utakunywa nini?"

"Kwani hapa kuna kisicholevya?"

Sista alitwanga tangawizi, akaichuja, akatia limau na asali, akajaza soda. Mama alionja, akaweka glasi chini, akatazama chupa kwenye rafu, moja baada ya nyingine.

Hapo ndipo alipoingia mwanamke mmoja kutoka mahakamani, bahasha mkononi, akakaa kiti cha tano na kuagiza kitu kikali, haraka. Sista alimwekea maji kwanza.

"Leo imekuwaje?" alimwuliza.

Kisha akasimama. Hakufuta glasi, hakupanga chupa. Mwanamke aliigeuza bahasha yake mara kadhaa juu ya kaunta. Karani wa kiti cha saba aligonga kaunta akitaka bia, na Sista akamwinulia kidole bila kugeuka. Mama aliona kidole hicho, na alimwona karani akishusha mkono.

"Nimeshinda," mwanamke alisema mwishowe. "Nimemshinda kaka yangu. Shamba ni langu. Sasa sina kaka."

Sista hakumwambia pole nyingi wala hakumtolea mawaidha. Alimchanganyia kinywaji kidogo chenye barafu tele, cha kunywa polepole, akakisogeza mbele yake kwa mikono miwili. Kisha akampelekea karani bia yake, akampangusia mama kaunta, ingawa ilikuwa kavu.

"Tangawizi imekolea," mama alisema. "Nipe nyingine."

Alikaa mpaka jioni. Mara mbili alifungua mkoba, na mara zote mbili Sista aliona kona ya fomu, kisha mkoba ukafungwa. Saa kumi na mbili kasoro Kinyozi akaingia, akamwamkia mzee asiyemjua, akavaa aproni. Magazeti yakafunguliwa. Sista akasimama kwenye sinki na kukabidhi namba moja, namba mbili, namba tatu. Akaruka hadi tano: mwanamke, kinywaji kimoja, asiongezewe bila kula, akitaka kuzungumza asikatishwe. Sita kilikuwa kitupu. Saba, karani, ana haraka lakini hana pa kwenda.

"Na namba nne?" Kinyozi aliuliza.

Angeweza kusema huyo ni wa kwangu, tunaondoka wote. Lakini hakuna kitanda kinachorukwa, na lile jambo lilikuwa limemkaa kooni kwa miezi minane.

"Kiti namba nne," alisema. "Mwanamke, miaka sitini na tisa, mjane. Tangawizi mbili, hakuna kilevi. Hajala tangu asubuhi, maana akiwa na jambo zito hali. Amekuja kuniomba kitu na hajakiomba. Ana haki ya kukiomba, na anaogopa nitamkubalia. Asiharakishwe."

Alikusudia kunong'ona. Baa nzima ilisikia. Wakili alijificha nyuma ya gazeti lake, na Sista akasimama pale akiona aibu tupu, aibu ya mtoto, akatamani sinki limmeze.

"Sabini," mama alisema kutoka kitini.

"Naam?"

"Miaka sabini. Nilitimiza mwezi uliopita. Rekebisha."

"Sabini," Kinyozi alisema haraka. "Nimerekebisha, mama. Nimepokea."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele kidogo kama kawaida yake. Sista alimfuata akingoja ombi. Walipita duka la vyuma, wakapita shule, ombi halikuja. Karibu na nyumbani mama akasimama kupumua.

"Yule wa namba tano. Kesho atarudi?"

"Sijui, mama. Huwa hawarudi."

"Basi utajuaje kama amepona?"

"Sijui. Hata wale wa wodini sikuwa najua."

Mama akaguna, wakaendelea kutembea.

Ijumaa asubuhi Sista alimkuta mezani, miwani imevaliwa, fomu imenyooshwa, kalamu mkononi.

"Kaa," mama alisema. "Mwandiko wako haueleweki, Metroni amelalamika miaka yote. Nitajaza mimi, wewe utatia sahihi."

Sista akakaa. Mama aliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, na kutoka upande wa pili wa meza haikuonekana ameiweka wapi. Sista hakuinuka kuchungulia. Alikuwa ameahidi, na kama imeandikwa anarudi, basi anarudi. Alijikuta anawaza ni nani atakayemtwangia tangawizi mtu mwingine pale kaunta, na macho yakamjaa machozi.

"Watu wa kazi kama yako mnaitwaje?" mama aliuliza.

Sista hakuelewa. Ikabidi mama agonge kwa kalamu mstari wa pili wa fomu, ule wa kazi ya sasa.

"Wengine wanasema mhudumu wa kaunta," Sista alisema. "Wengine muuza baa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nachanganya vinywaji. Baa."

Mama alikaa na kalamu hewani, akamtazama, hakufanya jambo jingine. Sista akajua kwamba bado anangojwa.

"Naipenda, mama. Siku zote nilikuwa naogopa kukuambia kwamba naipenda."

Mama akainama na kuandika kwa herufi kubwa za shule ya zamani: ANACHANGANYA VINYWAJI BAA. Fomu haikuwa na nafasi ya maoni ya mzazi, kwa hiyo aliandika pembeni, kwa kupandisha, pale ambapo karatasi ilibakiza nafasi: Nimekwenda nikamwona mwenyewe.

"Nipe, nitaipeleka," Sista alisema alipokwisha kutia sahihi. "Ukienda wewe watakuuliza maswali."

"Waache waulize," mama alisema. Akajifunga kitambaa kichwani, akaitia fomu mkobani, kisha akaitoa tena akaishika mkononi. Sista alisimama mlangoni akamwangalia akipita nyumba ya kwanza, akipita ya pili, mchana kweupe, akiwaamkia wote waliokuwa nje.