Baiskeli Isiyobeba Kitu

Mandazi ya mwisho yalikuwa bado katika mafuta Jokébed aliposikia kelele barabarani, zile kelele za watu waliokwisha kuamua jambo kabla ya kuuliza. Akaepua karai, akamfunga vizuri mgongoni mtoto wake Shekinah, akatoka na andazi moja la moto mkononi.

Katikati ya barabara ya Butembo kwenda Beni, pale centre yao ya Kalunguta, mji wao mdogo wa kando ya barabara, inapoanza, alisimama kijana mgeni, mavumbi hadi kwenye nyusi, ameshika baiskeli. Vijana wa zamu walikuwa wamemzunguka. Mkubwa wao, Gracien, alikuwa ameshafungua gurudumu la mbele, akalikumbatia kifuani kama mtu aliyekamata jogoo wa ugomvi.

"Rudilia, sema tena," Gracien alimwambia. "Unabeba nini?"

"Nguo, hema, na maji. Jina yangu Alimasi, natoka Kisangani. Natembea tu."

"Natembea tu." Gracien akawageukia watu. "Mumesikia? Hii baiskeli, hii kinga yake, haina hata mukungu moja ya ndizi. Haina makala, haina samaki. Mutu anapanda hii milima na kinga bila muzigo, juu ya nini, sababu gani?"

Watu wakanguruma. Na kusema kweli, hata Jokébed neno lile lilimwingia. Huku baiskeli ni punda. Hushuka Kyavinyonge ziwani ikarudi na samaki, huenda sokoni na mihogo hata mwenyewe asionekane nyuma ya mzigo. Anayepanda baiskeli tupu ni mtu anayepeleka habari ya kifo. Au mpelelezi; na tangu misitu ya Beni ijae watu wenye mapanga, neno hilo likitamkwa mbele ya kundi laweza kumuua mtu.

"Naenda kuona mulima Ruwenzori," mgeni akasema. "Banasema kuko theluji kule juu."

"Mulima haikimbie," akasema mama mmoja muuza mboga. Wengine wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na joto.

Papa Mathe, chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa ule, aliangalia jua lililokuwa linazama nyuma ya mikaratusi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake mara nyingi ulimfanya akubaliane na sauti kubwa.

"Karatasi zake nimeona, hazina kosa," alisema. "Mais yeye mwenyewe hatumujue. Aendelee na njia yake, alale mbele."

Mbele. Kila mtu alijua maana ya mbele jioni kama ile. Hata madereva wa malori, wenye kujisifu kwamba hawaogopi kitu, walikuwa wameshaegesha.

Jokébed alimwona mgeni akigeuka kuitazama barabara ya kwenda Beni. Akamkumbuka mume wake, Kataliko, aliyekuwa ameshuka ziwani kununua samaki, baiskeli yake imeegemea ukuta wa mtu asiyemjua.

"Papa Mathe, na heshima yenu yote, naomba kuuliza."

"Uliza, mama Shekinah."

"Gurudumu iko kwa mikono ya Gracien. Mugeni anaambiwa aende. Aende na nini? Aizungushe kinga na mudomo?"

Safari hii walicheka kweli. Gracien akaliangalia gurudumu kifuani pake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliweka pale.

"Tulitosha gurudumu kwa kinga, sababu asikimbie," alisema.

"Donc basi hamutaki akimbie, na hamutaki abakie. Muchague."

"Usicheze, mama Shekinah. Ya kutokea ikitokea, nani atajibu?"

"Mimi. Atalala kwangu."

"Bwana yako hayuko," akasema muuza mboga polepole, kwa utamu wa mtu aliyepata la kusimulia.

"Njo maana nampatia nyumba yote. Mimi na mutoto tutalala kwa mama mukwe, na Gracien akae kwa mulango, sababu anapenda kulinda. Musiniangalie hivyo. Kila juma Kataliko analala Kyavinyonge kwa batu benye hapana kumujua. Banamupa bugali, banamupa mukeka. Siku ningesikia balimuambia alale mbele, ningebalaani. Sasa mama ya uyu, hapana kujua kulaani?"

Hakungoja jibu. Alilimega lile andazi, akala nusu mbele ya macho yao, kwa maana huku mwenyeji huonja kwanza ili mgeni asiogope chakula. Nusu nyingine akampa Alimasi. Kijana akala, machozi yakimlengalenga.

Papa Mathe akakohoa. "Sawa. Amekula kwako, ni mugeni wako. Sisi bote tumeona."

Jokébed akanyoosha mkono kwa Gracien.

"Kesho," Gracien akasema.

"Leo. Mugeni halali kama mufungwa."

Mkono wake ukabaki hewani, haukushuka, mpaka gurudumu likatua juu yake. Akaliweka begani, akalipitisha mwenyewe katikati ya centre, taratibu, ili wote waone.

Asubuhi ukungu ulikuta centre iko salama na mgeni yuko salama. Gracien, macho mekundu kwa kukesha mlangoni, alikuja na mkungu wa ndizi, akaanza kuufunga nyuma ya baiskeli.

"Huko mbele batamuuliza vile tulimuuliza," alisema bila kumtazama mtu. "Bakiona ndizi, batamuacha."

Lilikuwa wazo la huruma, na Jokébed karibu alikubali. Kisha akaifungua kamba.

"Za kula atabeba. Za kujificha, hapana. Batu bazoee kuona mutu anatembea juu ya kutembea." Akamgeukia Alimasi. "Bakiuliza nani anakujua, usitoshe karatasi mu mufuko kwanza. Taja jina yangu. Jokébed, mama Shekinah, wa Kalunguta. Mwenye kuwa na neno, aje anione."

Mgeni haondoki peke yake, kwa hiyo walimsindikiza hadi juu ya kilima cha kwanza. Alimasi alishika usukani, Jokébed alitembea kando na mtoto mgongoni. Na Gracien alisukuma kwa nyuma, kwa mazoea, ingawa baiskeli ile haikuwa na mzigo wa kusukumwa.