Mkebe Ndani ya Daraja

Mimi ndiye niliyesema ni fingo. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakisimulia jambo lile humtupia lawama Dzombo, na Dzombo hakuwa na kosa ila kufiwa.

Ilikuwa Februari ya mwaka wa tisini na nane. Zile mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kutubomolea nusu ya vyoo vya kijiji, na Idd ilikuwa imepita wiki mbili. Nilikwenda mtoni kufua, pale kwenye daraja la mawe nyuma ya Msambweni. Lilijengwa na Wazungu wa shamba la miwa, vitoroli vya miwa vikipita juu yake. Siku hizi hupita mbuzi. Mafuriko yalikuwa yamelegeza mawe ya upande wa chini, na moja lilikuwa limeanguka likaacha tundu la kuingia mkono. Ndani ya tundu niliona bati.

Nilisoma Ayatul Kursiy nikalivuta kwa kijiti. Ulikuwa mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya katani. Wanawake wenzangu waliacha nguo zao wakasogea. Kifuniko kilikuwa kimeliwa na kutu, kikabanduka chenyewe, na ndani mlikuwa na kitambaa kinachochuruzika maji mekundu. Nilikifunua. Palikuwa na kipande cha mpira kilichochongwa sura ya ndege, ufunguo mmoja, kitufe cha shati, mdoli mdogo asiye na mkono, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Daftari lilijaa majina ya watu.

Tangu mvua zianze tulikuwa tumezika watoto watatu kwa homa. Wa mwisho alikuwa binti wa Dzombo, wa miaka sita, na kaburi lake lilikuwa halijaota jani.

"Hili ni fingo," nilisema. "Mtu ametufukia uchawi."

Hakuna aliyenibishia. Mmoja akauliza ni nani angekuja kufukia kitu pale, na mimi, ambaye najulikana kwa kutazama, nikajibu kwamba mwezi ule nilimwona Dama mara tatu, ameinama chini ya daraja, peke yake. Na kweli nilimwona. Dama alikuwa Mduruma mzee, mjane kama mimi, anakaa ng'ambo ya mto bila mtoto wa kumpikia, na msikitini hakuwa akija. Sikuongeza neno hata moja la uongo. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha.

Kufikia alasiri vijana walikuwa wameng'oa makuti ya paa lake. Dzombo alitangaza kwamba kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Dama ataletwa uani kwa mzee wa kijiji, Abdurahman, aulizwe mbele ya watu. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kununuliwa, na hayakuwa ya kuwashia taa. Mkebe waliniachia mimi. Walisema mimi ni mtu wa swala, hautanidhuru.

Niliuweka juu ya kinu, nje, sikutaka uingie ndani. Jioni ile Everline alirudi kutoka kazini. Everline alikuwa mpangaji wangu, binti wa bara aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, Mkristo, mcheshi, Kiingereza anakisoma kama maji. Aliuona mkebe akauchukua kabla sijamzuia, akafungua daftari huku amesimama, na akaanza kucheka.

Nilimuuliza kinachomchekesha ni nini wakati kuna mtu atachomwa.

"Mama Warda, hii ni game tu," alisema. "Wazungu wanaficha mkebe, wanaandika njia kwenye karatasi, halafu wenzao wanautafuta. Ukiupata unaandika jina, unagonga huu muhuri wa ndege, unaacha kitu kidogo, unarudisha kwa shimo. Ukurasa wa kwanza wamesema hivyo. Hii nyekundu ni wino, imelowa."

Nilimwambia watu wazima hawawezi kuvuka bahari kuja kuficha kitufe. Alisema mimi sijawahi kufanya kazi hotelini. Akaendelea kufunua, akitamka majina ya Waingereza na Wajerumani, halafu akasimamisha kidole ukurasani.

"Hapa mtu ameandika Kiswahili."

Nilisoma mpaka darasa la saba, Kiswahili hakinishindi. Lakini sikuhitaji kusoma. Niliijua ile herufi ya A yenye mkia mrefu kabla sijalifikia neno. Ulikuwa mwandiko wa Abdulaziz, mume wangu, aliyefariki mwaka wa tisini na sita. Alikuwa mtunza bustani katika hoteli hiyohiyo, na Jumapili nyingine aliwatembeza wageni mashambani.

Alikuwa ameandika: *Mimi Abdulaziz nimewaleta wageni watatu. Tundu hili nimewaonyesha mimi. Wamefurahi kama watoto, nami pia. Nimeacha kitufe. Mke wangu sijamwambia, maana atasema ni shirki na ataniharibia siku.*

Nikakaa chini mchangani. Miaka kumi na tisa nililala na mtu yule. Nilimfulia mashuka yake ya mwisho kwa mikono yangu. Na yeye alikuwa na furaha aliyoificha ndani ya ukuta wa mawe ili mimi nisiione. Everline aliniletea maji. Nilishika kikombe, sikunywa.

Aliniuliza nitafanya nini. Nilijua alichokuwa akiuliza. Nikilipeleka daftari lile, Dama anapona. Lakini watu waliokwisha kuamini fingo hawaachi kuamini kwa sababu ya karatasi. Watatafuta tu mwenyewe mwingine, na jina lililomo ni la mume wangu. Binti yangu Warda alikuwa ameposwa Ukunda. Nani ataoa nyumba ya wachawi? Nikinyamaza, hakuna atakayejua, maana Everline alisema wazi kwamba hayo ni mambo yangu na yeye hatasema neno.

Ijumaa nilikwenda na mkebe chini ya mtandio.

Dama alikuwa ameketishwa chini, kanga imechanika begani. Hakuwa analia. Mzee Abdurahman, ambaye hakupenda ugomvi na mtu yeyote na kwa hiyo aliruhusu kila kitu, aliniambia niwaeleze watu nilichokiona darajani. Nilisema nitaeleza, lakini kwanza nitasoma. Nikasoma maneno ya mume wangu yote, pamoja na yale ya shirki na ya kuharibiwa siku. Nyuma kuna mtu alicheka kidogo akajizuia. Nikawaeleza mchezo wa Wazungu kama Everline alivyonieleza. Halafu nikaulowesha ule muhuri kwa mate, nikaugonga kwenye kiganja changu, nikauinua mkono waone: ndege mwekundu, basi.

Dzombo alisimama. "Kwa hiyo ni mumeo."

"Yeye ndiye aliyewaleta. Na aliyeuita mkebe huu fingo ni mimi. Dama hayumo humu."

Alinikaribia mpaka nikasikia pumzi yake. Nilidhani atanipiga.

"Jina la mwanangu limo?" aliuliza.

Nilimwambia halimo. Alisema nitazame tena. Nikafunua ukurasa wa kwanza, na wa pili, kila mmoja, nikipitisha kidole chini ya kila jina, naye ameinama begani kwangu ingawa kusoma hajui. Nilihisi alivyokuwa akitaka liwepo. Lingekuwepo, angekuwa na mtu wa kumshika. Tulipofika jalada la nyuma aliniuliza, kwa sauti ya chini sana, "Basi amekufa bure?"

Mtu aliyeogopwa na mumewe mwenyewe amwambie nini baba wa watu? Nilisema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, naye akaondoka, na waliobeba mafuta ya taa wakatawanyika mmojammoja, kama watu waliokumbuka kazi nyumbani.

Siku ya pili nilikwenda ng'ambo kumwomba Dama radhi. Nilimkuta anafunga kuku kwa kamba ndani ya ile nyumba isiyo na paa. Alisema anakwenda Jego kwa mtoto wa dadake, hatarudi. Nilimwambia Warda na mimi tutamsukia makuti mapya wiki ile ile.

"Radhi nimekupa," alisema. "Lakini mara tatu uliniona, mamake Warda. Mara tatu. Nilikuwa nachuma mchicha wa mwituni, mvua zimenilia shamba lote. Ungeniuliza tu, Dama, wafanya nini hapo?"

Kisha nikainama kuchukua kapu lake nimsindikize mpaka barabarani. Alilivuta, akalitia kichwani mwenyewe. Kuku wawili aliniachia niwabebe, nikamfuata nyuma, tukavuka daraja.