Maji ya Kumwogeshea Krishna

Nimelala miji mingi, lakini Mpwapwa nilikaa miaka miwili, sababu ni Mama Hansa. Mjane wa Kihindi, wa mwisho mtaa ule, macho yameshaingia ukungu. Nyuma ya duka lake lililofungwa kulikuwa na chumba cha ibada, na humo mungu wake Krishna wa marumaru, katika umbo la mtoto anayetambaa. Kila asubuhi alimwogesha: maziwa, mtindi, samli, asali, sukari, mwisho maji. Mimi nilifagia na kuchota maji.

"Usiyatie mkono, Kefa. Wewe unakula mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe sijamwona tangu Pasaka, mama."

"Basi unamwota. Ni yale yale."

Mwanawe alipiga simu kutoka Dar kila Jumapili: njoo ukae kwangu. Jibu lilikuwa moja, "Nikija, nani atamwogesha?"

Julai upepo wa kwetu unakata masikio. Akasema mtoto anaona baridi, nimpashie maji. Nikayachemsha kama ninavyochemsha ya kwangu, nikayaleta kwenye birika.

"Umeyapima kwa kiwiko?"

Kiwiko nacho ni mkono. Sikuthubutu. Nikadhani atayapooza mwenyewe.

"Yako sawa, mama."

Alikuwa ndiyo kwanza amemmwagia maziwa yaliyolala kwenye friji. Akainamisha birika. Ta! Kama bilauri. Ufa ukashuka toka bega mpaka goti. Akaupapasa kwa kidole, akarudia tena. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Mungu aliyepasuka haogeshwi, Kefa. Anatoswa kwenye maji yanayokwenda."

"Julai hii? Mto ni mchanga mtupu."

"Tafuta."

Tukachukua bodaboda mbili. Alimpakata ndani ya shali, na dereva wake akasema, "Bibi, mfunike mjukuu, kuna vumbi."

"Nimemfunika," akajibu.

Nikachimba mtoni kama wachungaji wanavyowachimbia ng'ombe. Shimo lilipofika kiunoni maji yakajikusanya, mekundu. Akapiga magoti ukingoni.

"Yanakwenda?"

Safari hii nikatia mkono mzima, mpaka kiwiko. Hayakuwa yakienda popote.

"Yanakwenda, mama. Polepole."

Akanipa Krishna, nikamshusha. Akakaa anasikiliza. Kisha akaomba simu, akamwambia mwanawe aje amchukue.

Jumamosi akaondoka, kiti cha mbele cha gari la mwanawe, mikono mitupu mapajani. Mimi nikashika njia ya Haneti, nikalima vibarua. Desemba mvua ilipouleta mto nilirudi kuutazama. Sasa maji yalikwenda kweli, yamebeba magogo na mizoga. Mahali pa shimo sikupajua tena. Nikapiga Dar nimwambie mama kwamba maji yamekuja.

Mwanawe akapokea. "Hazungumzi na mtu, mzee. Asubuhi anaamka, anakaa bafuni, anafungua bomba na kusikiliza maji yakienda. Tukilifunga, analifungua tena."