Mama Katika Orodha ya Hifadhi

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, karani wa lango la hifadhi alikuwa akipiga mswaki kwenye sinki la jikoni alipoona kwamba jiwe la mpaka limeingia ndani ya nyumba. Lilikuwa limesimama kwenye kizingiti cha chumba cha mama yake, namba yake nyeupe ikisomeka vizuri, umande haujakauka juu yake. Mawe hayo yalikuwa yakisogea tangu mwanzo wa mwaka, hatua mbili tatu kwa wiki. Banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo vilikwisha kuwa mali ya hifadhi.

"Limefika," alimwambia mkewe.

"Nimeshajikwaa nalo mara mbili," mkewe alijibu, akiendelea kukoroga supu. "Swali ni mama. Yuko huku au kule?"

Karani alipiga magoti, akafumba jicho moja kama fundi mwashi. Kitanda chote kilikuwa kule.

Mama huyo hakuwa ameinuka tangu alipovunjika nyonga. Alilishwa kwa kijiko, na aliyemlisha ni mwanawe peke yake. Kwa mkono wa mtu mwingine alifunga mdomo hadi chakula kikapoa.

Karani alivaa sare, akaenda kwenye dirisha lake la tiketi, akajikatia kibali cha raia mtu mzima, akakipiga muhuri na kurudi kuchukua bakuli. Kibali kilikuwa cha kuingia mara moja. Alipotoka chumbani kufuata kijiko alichokisahau, ilimbidi akate kingine. Hivyo ndivyo wiki ilivyokwenda: dirishani, jikoni, chumbani, dirishani. Hata alipoketi, goti lake lilicheza. Mshahara wake ulikuwa ukirudi kupitia dirisha lilelile.

Usumbufu zaidi ulikuwa kwa mama mwenyewe, aliyekuwa ndani ya hifadhi usiku na mchana bila kibali. Hakuwa na kitambulisho. Alizaliwa humo kabla lango halijajengwa, na fomu ilimweka kila asiye na kitambulisho katika kundi la wageni kutoka nje, ambao ada yao ndiyo kubwa kuliko zote.

"Mimi mgeni?" mama aliuliza. "Pale mnapoegesha magari ndipo nilipojifunza kutambaa."

"Najua, mama. Ni fomu tu."

"Basi iambie fomu yako ije inigeuze. Mgongo unawaka moto."

Karani alimgeuza. Chini ya kitanda alikuwa amelala swala aliyeingia kwa dirisha siku ya Jumanne. Yeye hakudaiwa chochote.

Ijumaa alikuja mkuu wa hifadhi. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanyaga polepole, kuna mtu amelala huko chini."

Mkuu alipekua kitabu cha kanuni hadi mwisho, kisha akakianza upya. Alikuwa mtu mwema na jambo hilo lilimkera.

"Ndugu yangu," alimwambia karani, "kanuni zinatambua wawili tu humu ndani: anayelipa na mnyama. Kulipa hamtaweza. Nikimwandika kwa wanyama, hadaiwi hata senti, na hakuna wa kumtoa."

"Safu ipi?"

"Wala majani."

"Niandike popote," mama alisema, "mradi msinihamishe kitanda."

Mkuu aliandika: jike, mmoja, mzee. Karani alishukuru kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikaa na goti likatulia, mpaka mkuu alipofika mlangoni akageuka.

"Ila usimlishe tena. Kulisha wanyama ni marufuku, kibao umekipaka rangi wewe mwenyewe. Nikikukuta nitakuandikia faini, nami sitaki."

Jumamosi asubuhi majani yalikuwa yameota kandokando ya kitanda, marefu kufikia mto wa kulalia. Karani alisimama upande wa jikoni na bakuli mkononi, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Mwanangu, unasubiri nini?"

"Siruhusiwi, mama."

Mama alimtazama. Kisha alinyoosha mkono, akang'oa majani kiasi cha kujaza kiganja, akayatia mdomoni na kutafuna taratibu. Swala alitoa kichwa, naye akaanza kula.

"Hayana chumvi," mama alisema.

Mkewe karani alichota chumvi kwenye kopo na kuimimina kwenye kiganja cha mumewe. "Mpe. Chumvi si chakula."

Karani alifikiri kama chumvi ni chakula. Nyuma yake wageni watano walikuwa wamekwisha kuingia jikoni wakiwa na kamera na viatu vyenye tope, wakiuliza kama hapa ndipo alipo yule jike mzee wa kwenye orodha. Aliitia chumvi mfukoni mwa shati, akasogea pembeni ya jiwe, akachana tiketi zao moja baada ya nyingine, na kuwaomba wasipige kelele, kwa kuwa mama alikuwa akila.