Dakika ya Kumi na Tatu

Usiku wa jana niliota injini ya mashua imelala kitandani kwangu, upande wa Mafuru, imejifunika shuka mpaka kwenye mabomba.

Niliiamkia, kwa sababu ni nzee kuliko mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Nyangeta. Samahani kwa mto."

Mto ulikuwa umelowa oili. Nikasema haidhuru, mwenyewe hajaulalia tangu mwezi wa tatu.

Mwenyewe ni Mafuru, mume wangu, aliyefariki mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa figo. Injini ni yake. Imefungwa tumboni mwa mashua ya zamani ya tanga, ambayo aliikuta imeoza hapa Musoma akaifufua, na inakunywa petroli. Kwenda visiwani alitumia tanga. Kurudi nyumbani alitumia injini. Nikiwa jikoni nikiisikia inazunguka rasi, tu-ku-tu, tu-ku-tu, ninainjika maji ya ugali. Akimaliza kufunga kamba, maji yamechemka.

Tangu afariki, injini inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi na mbili, inazimika. Masatu, mdogo wake, amebadilisha plagi, amebadilisha chujio, amesafisha kabureta mpaka ikang'aa. Kila ikizimika anafungua kifuniko cha tangi, anachungulia, anasema, "Mafuta yapo, shemeji," anafunga. Inawaka tena. Dakika kumi na mbili.

"Kesho asubuhi wananing'oa," injini ikasema.

"Najua."

"Masatu anasema nitafaa kuwa nanga."

"Anasema una uzito mzuri."

"Nanga haina sauti, mama."

Picha za Mafuru ninazo tatu, lakini sauti ya kurudi kwake ni hiyo moja tu.

Injini inajigeuza ubavu ili inieleze inapoumwa. Inasema, "Mimi nadhani tatizo langu ni," kisha inakohoa, inafifia, inazimika. Natazama saa. Dakika kumi na mbili.

Mafuru alikuwa akisema injini inataka vitu vitatu tu: moto, mafuta na hewa. Ikigoma usiitukane, katafute kilichokosekana. Na uanze na kilicho rahisi. Kilichokuwa rahisi ni mlango, maana ulikuwa wazi. Nikatoka.

Nje ya mlango kulikuwa na darasa letu la kidato cha pili. Plagi ilisimama mbele ya ubao, fupi, yenye shingo nyeupe ya kaure.

"Toa ulimi," ikasema.

Ninatoa.

"Ukiwa mweusi, unakula kuliko unavyofanya kazi. Ukiwa mweupe, unaungua. Wako ni wa kahawia. Moto upo. Kaa chini."

"Nimekuja kuuliza habari za injini, mwalimu."

"Na mimi nimekujibu habari za injini. Nani mwingine hajatoa ulimi?"

Madawati yote yalikuwa matupu. Yakafungua vifuniko vyao, moja baada ya jingine, kwa adabu.

Nikakaa. Nilipoketi, dawati likawa benchi la hospitali, nami nikawa nje ya wodi aliyolazwa Mafuru. Siku ile ya mwezi wa tatu nilirudishwa getini kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita kwa robo saa. Asubuhi nilipoingia, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Safari hii saa ya ukutani haikuwa na mishale, kwa hiyo muda haukuweza kupita. Nikajiona mwenye bahati.

Mlangoni alisimama Chujio, amevaa gauni jeupe la wauguzi.

"Unakuja kumwona nani?"

"Mafuta."

"Yamelazwa ndani kabisa, kwenye tangi. Lakini wewe hupiti. Una maji."

"Maji gani?"

"Machozi, dada. Uchafu nauzuia, na maji nayazuia zaidi. Tone moja likifika kule, injini inakohoa wiki nzima."

"Mimi sijalia tangu msibani. Waulize majirani."

"Ndiyo maana umejaa. Simama wima, usitikisike. Maji ni mazito kuliko petroli, yatashuka yenyewe."

Ninasimama. Maji yanashuka. Nayasikia yakipita kifuani, yakipita magotini, yakitulia kwenye visigino. Chujio anainama, anafungua skrubu ndogo kwenye kisigino changu cha kushoto, na yote yanamwagikia kwenye beseni. Beseni linajaa. Anaiagiza meza ilete la pili. Meza inaleta, inasema pole.

"Sasa pita," akasema Chujio.

Tangi lilikuwa chumba cha bati. Kuta zake zilikuwa zimebonyea kuelekea ndani, kama mashavu ya mtu anayenyonya muwa. Mafuta yalinifika magotini, kwa hiyo mafuta yapo, Masatu hakukosea. Katikati ya chumba, juu ya kigoda chetu cha jikoni, aliketi Mafuru. Amevaa ovaroli lake. Amefumba mdomo. Amezuia pumzi.

"Umekonda," nikamwambia.

Akaonyesha kuta kwa kidole, kisha mdomo wake. Nikaelewa. Hewa iliyobaki ilikuwa ile aliyoizuia yeye, na kila neno lingeila kidogo.

"Basi usiseme," nikasema. "Nitasema mimi. Nyangeta amefaulu. Bati la jikoni linavuja pale pale. Siku ile nilirudishwa getini, Baba Nyangeta. Nilikuwa nimekuletea uji."

Akaitikia kwa kichwa kwamba anajua. Kisha akaelekeza kidole juu, kwenye tundu la bomba dogo linalotokea ubavuni mwa mashua. Tundu lilikuwa limezibwa kwa sabuni ya mche, ya buluu. Juu ya sabuni kulikuwa na alama ya kidole gumba. Nikaitambua, kwa kuwa kidole chenyewe nilikuwa nacho mkononi.

"Wewe mwenyewe ulinifundisha," nikasema. "Tangi likivuja, kandika sabuni."

"Likivuja," akasema, na ukuta wa kushoto ukasogea ndani. "Pale lilikuwa linapumua."

"Nilisikia harufu ya petroli inatoka."

"Lazima itoke. Mafuta yakipungua, hewa iingie ishike nafasi yake. Bila hivyo tangi linanyonya, linanyonya, dakika kumi na mbili, basi." Ukuta wa kulia ukasogea. "Masatu akifungua kifuniko linavuta pumzi moja. Hasikii hata linavyoguna. Fundi gani yule?"

"Usimseme mdogo wako."

Kuta zilikuwa zimetugusa mabega. Sijawahi kukaa naye karibu hivyo tangu aanze kuugua.

"Nilijua halivuji," nikamwambia. "Siku tulipokuzika nilikwenda kukaa mle ndani ya mashua. Harufu yako ilikuwa inatoka pale tunduni, inakwenda zake ziwani. Nikaona itaisha."

"Harufu yangu? Ile ni petroli, Mama Nyangeta. Mimi nilikuwa naoga."

"Ulikuwa huogi."

Akacheka. Kicheko kikala hewa nyingi, na dari ikashuka hadi kwenye nywele zetu.

Ninafanya hesabu. Nisipotoa sabuni, atabaki hapa pamoja na harufu yake, hatasema kitu tena, na kesho injini itakuwa nanga. Nikitoa sabuni, kila kitu kilichomo humu kitatoka.

"Una pumzi ya maneno mangapi?" nikauliza.

Akanyoosha vidole. Vinne.

Nikasubiri. Nilidhani ataniambia lile ambalo angeniambia kama ningepita getini. Akafikiri kwa muda, kama alivyokuwa akifikiri mbele ya bolti iliyoshika kutu.

"Nikipita rasi, injika maji," akasema.

Mengine hayakuwepo. Nikachomeka kidole gumba kwenye sabuni, pale pale kwenye alama yangu, nikaichimbua. Hewa ikaingia kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Kuta zikarudi nyuma. Mafuru akafungua mdomo, akavuta pumzi ndefu, akaanza kunieleza jambo refu, lakini kila neno lilitoka tu-ku-tu, tu-ku-tu.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mto wa Mafuru ulikuwa mkavu. Kutoka ziwani nilisikia injini. Masatu alikuwa ameiwasha ili ailete mashua kwetu, ambako wenzake walikuwa wakingoja na minyororo. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika tano.

Nililala vile vile, bila kusogea. Saa moja na dakika kumi. Kumi na tano. Kumi na saba. Nikafumba mdomo. Injini ilizunguka rasi. Kumi na nane. Ilikuwa bado inakuja, na nikamsikia Masatu akiwapigia kelele watu wa pwani: "Jamani, mbona haizimiki? Haizimiki hii!"

Nikajifuta uso kwa kiganja, maana nilikuwa nalia. Ndipo nilipoona, chini ya ukucha wa kidole gumba, sabuni ya buluu. Niliinusa. Petroli.

Nikainuka, nikaenda jikoni, nikainjika maji ya ugali.