Mkanda wa Arobaini na Tatu

...na huu nao siwo, muhuri unasema arobaini na saba, vita vimeshakwisha na baba ameshavua magwanda amerudi kwa ng'ombe wake, haufai, Alois akaurudisha mezani, tangu asubuhi anazunguka soko hili la silaha kuukuu, ukumbini Luzern, meza hadi meza, singe ameipata, kifuniko cha shaba cha mdomo wa mtutu amekipata, kopo la grisi pia, vyote vya mwaka wenyewe, umebaki mkanda, mkanda wa ngozi wa kubebea bunduki begani, nao ni lazima uwe wa arobaini na tatu kama bunduki, maana kesho Jumamosi saa nne wanamzika kaka yake Meinrad, klabu ya shabaha itashusha bendera kaburini, kisha watu wataingia kula na bunduki ya baba itatundikwa ukutani chini ya picha ya marehemu, itatundikwa kwa mkanda wake, ndivyo alivyosema Klara, mjane wa Meinrad, alipoileta Jumanne imeviringishwa kwa shuka, Meinrad kafa Jumatatu, jana yake tu, akailaza juu ya meza ya Alois, akasema, "Shemeji, mkanda uko kwako, sasa uivishe bunduki," na yeye, mtu mzima wa miaka sabini na moja, akaitikia kwa kichwa, akaitikia, Mungu wangu, na mkanda hana, hajauona tangu mwaka aliofariki baba... muuzaji, jamaa mnene mwenye miwani ya kamba, anamuuliza kama bunduki bado ina karatasi ya jina chini ya bamba la kitako, pale askari anapoweka jina lake, Alois anasema ipo, ya baba, Zihlmann, hajaigusa, na jamaa anafurahi, basi ni ya familia hiyo, mzee, safi kabisa, na mkanda wake ulikwenda wapi? Ulipotea, anasema Alois, na ulimi haukukwama hata kidogo.

Ulipotea, sawa, kitapoteaje kitu kilichotundikwa msumarini mlangoni kwako... ni mama aliyeanza, siku ile ile ya kumzika baba, jikoni, viatu vya watu bado vina udongo wa makaburini, mama akasema bunduki achukue Meinrad, vikorokoro vyake achukue Alois, watu wakacheka wakidhani mama kachanganyikiwa kwa msiba, yeye hakucheka, akasema, "Mtalazimika kukutana, wanangu, angalau mara moja kwa mwaka," na mimi, yeye Alois, aliyekuwa akiisafisha bunduki ile kila baba aliporudi kutoka kambini, anapewa mikanda kama mbwa! Roho ilimuuma, ilimuuma vibaya, na vuli hiyo hiyo akafunga kila kitu kwenye gunia, mkanda, singe, kifuniko, kopo, akaja nacho hapa hapa, akamwachia mtu wa meza ya kwanza bila hata kubishana bei, akatoka akanywa kahawa yenye pombe kali na akajiona mwanamume, kisha akahamia klabu ya kijiji cha pili ili asimwone Meinrad, lakini mashindano ya shabaha ya masika ni ya wilaya nzima, atakwepa wapi, kila mwaka alimwona ng'ambo ya uwanja, Meinrad kaibana bunduki kwapani kama kuni, mvua inanyesha, mtutu kauziba kwa kizibo cha chupa, na watu wanacheka, Alois akicheka kuliko wote, tazameni kaka yangu bahili huyo, hata kamba ya kubebea inamshinda... "Subiri, mzee, nina mwingine," muuzaji anasema, anainama chini ya meza, anapekua sanduku, anahema, na Klara alisema nini tena Jumanne, alikuwa ameshafika mlangoni, anafunga kitambaa chake, akasema kila mwaka kulikuwa na mtu wa kumpa mkanda, mwenyekiti wa klabu alimletea mpya wenye karatasi yake, akaukataa, akasema wake uko kwa mdogo wake, ataleta, alisema hivyo kila masika, ataleta, na Alois Jumanne hakulisikia hilo, alilisikia ila alishika shuka akaanza kulikunja, alilikunja vizuri sana lile shuka, pembe kwa pembe.

Kumbe si ubahili. Kumbe zile pete mbili tupu za kupitishia mkanda kwenye bunduki... alimwachia nafasi, mpumbavu yule, mpendwa yule, miaka kumi na tisa analoa, anachekwa, na angeweza kununua mkanda siku yoyote, hapa imejaa, hakununua, kwa sababu akinunua mdogo wake hatakuwa na cha kuleta, na mdogo wake aliuuza kabla hata nyasi hazijaota kaburini kwa baba... "Haya, angalia mwenyewe," jamaa ameuweka mkononi mwake, na ndio, arobaini na tatu, msalaba wa muhuri uko wazi, mshono wa safu mbili, kifungo chenyewe, hakuna wa kuupinga, Klara ataupapasa na kuamini, klabu nzima itaamini, mama angekuwepo angeamini, watasema kumbe Alois aliutunza miaka yote hii, watampa mkono, wengine watamkumbatia, naye atasimama chini ya picha ya Meinrad akumbatiwe kwa mkanda wa mtu mwingine.

"Haukupotea," Alois alisema. "Niliuuza mimi."

Watu wengi huuza, jamaa akasema, akavuta karatasi ya kufungia, hata yeye aliuza vya babu yake akajuta.

"Kaka yangu alikuwa akiusubiri."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka Jumatatu."

Jamaa aliacha mkono juu ya karatasi, hakujua kama afunge au asifunge, na Alois bado ameushika mkanda.